Kabla hujaenda kugonga kule juu

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza yote dakika saba, mama yako naye kaisikiliza kacheka mpaka machozi, eti "baba hawa wa juu wanatwanga nini saa nane usiku". Pole sana. Sisi fleti tumekaa miaka 11 kwahiyo hakuna utakachonieleza kikawa kipya, lifti inayopona siku mbili inaugua wiki, mtu anapaki gari nyuma ya lako halafu anazima simu, jirani anaacha mfuko wa taka koridoni eti ataushusha kesho na hiyo kesho haifiki.

Hilo ulilolalamikia la maji ya bombani kwako kutoka kidogo kidogo wala sio roho mbaya ya mwenye nyumba. Tenki liko juu ya paa, maji yanapata nguvu kwa kushuka, kila mita 10 ndo presha inaongezeka kama bar moja (bar ni kipimo cha presha), sasa wewe uko mita chache tu chini ya tenki unategemea nini, wenzio wa chini kule wanaoga kama wako kwenye maporomoko. Mwambie afunge pampu ndogo ya kuongeza presha, akigoma nunua ndoo.

Ila kelele ndo nataka tuongee, maana umesema unapanda leo usiku uwaoneshe, na umetaja juujuu tu kwamba baba wa hiyo nyumba ni mwanajeshi na hayupo.

Wewe ulikuwa hujaanza shule. Juu yetu alihamia mama mmoja na watoto wawili wa kufanana, sisi tukawa tunamwita Mama Mapacha, mume hatumuoni. Basi toka wamehamia kila usiku saa tisa du! du! du! halafu kimya, nikilala tena du! Nikagonga dari na mti wa ufagio mpaka rangi ikabanduka (hilo doa mama yako ananikumbusha mpaka leo). Usiku wa tatu nikasema haiwezekani, nikapanda ngazi kwa hasira, ndala moja yangu nyingine ya mama yako, nikagonga kwa ngumi kama polisi.

Hakuuliza nani. Alifungua taratibu kashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, na macho yake hayakuja usoni kwangu, yalienda kwanza kwenye nguo zangu, yakaenda nyuma yangu kuona nimekuja na nani. Mimi ndo naanza "dada samahani hizi kelele..." akakaa chini palepale mlangoni, analia huku anacheka, sikujua nimshike au nikimbie.

Mume wake alikuwa kwenye misheni ya kulinda amani, hawa wa Umoja wa Mataifa wa kofia za bluu. Na jeshini taarifa mbaya hawakupigii simu, akaniambia, wanakuja watu na magwanda yao wanakugongea mlango. Alikuwa anaangalia kama nimevaa magwanda.

Na kelele hata hazikuwa zake! Mapacha walilala fofofo toka saa mbili. Lilikuwa bomba. Pampu ya jengo ikijizima usiku maji yanasimama ghafla yanapiga kishindo na bomba lilikuwa limelegea ukutani, zege nalo linasafirisha mshindo balaa, kitu kinagonga kule pembeni wewe unaapa kiko juu ya kitanda chako. Fundi alikuja akafunga vibano akabadilisha valvu, nusu saa kazi imeisha.

Toka hapo ndo nikaanza kuona vitu. Maboksi yake ya kuhamia yalikuwa yamekunjwa vizuri chini ya kitanda, hayatupi, maana ile ilikuwa nyumba ya tatu ndani ya miaka mitano, na ukutani hamna msumari hata mmoja. Simu ya mume inaingia muda ambao zamu yake imeruhusu, iwe alfajiri iwe katikati ya usiku, na yeye anazunguka sebule nzima anatafuta netiweki. Kumbe kuna siku zile kelele zilikuwa nyayo zake kweli. Mume aliporudi wale watoto walijificha nyuma ya mama yao, aliwaacha wanatambaa. Walinda amani waliokufa toka misheni hizo zianze 1948 ni zaidi ya 4,000, mimi habari kama hizo nilikuwa nazisikia kwenye taarifa ya habari huku natafuta rimoti. Mwanajeshi ana mshahara na anapigiwa saluti, mkewe na watoto nani anawapigia? Sisi hatukuwa na saluti, tulimpandishia tu ndoo za maji lifti ikifa na kukaa na mapacha siku akiumwa.

Kwahiyo leo usiende. Kwanza sikiliza kama mshindo unakuja pampu ikizima, kama ndo hivyo mwite fundi. Kama ni watoto kweli wanaruka basi wapelekee zulia, likae sakafuni kwao, ukibandika kitu darini kwako utapoteza hela bure. Nenda mchana, vaa nguo za rangi rangi, na ukigonga taja jina lako kwa sauti kabla hawajafika mlangoni.

Baba yako