Wauza sola watuambie betri inabeba yuniti ngapi

Mhariri,

Tangu stima ipotee karibu nchi nzima Agosti 2023, kisha Novemba na tena Desemba mwaka uo huo, wauzaji wa sola hawana haja ya kututafuta. Sisi ndio tunaowafuata. Sina kinyongo nao. Ninacholalamikia ni wanavyotaja bei: "Mfumo wa kilowati 3, paneli, betri na ufundi, yote ndani." Kilowati hizo ni nguvu za inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani, yaani vyombo vingapi vitawaka kwa mpigo. Hazisemi vitawaka mpaka saa ngapi za usiku. Hilo ni la betri, na betri ndiyo inayokula pesa.

Nyumba yangu ilipewa makadirio mawili, yote ya kilowati 3: moja Sh215,000, jingine Sh330,000. Nani hangekimbilia la kwanza? Basi soma mstari wa betri. La kwanza lina betri mbili za asidi, kila moja imeandikwa 12V 200Ah. Zidisha 12 kwa 200, kisha mara mbili, ugawe kwa 1,000: yuniti 4.8, yuniti zizi hizi tunazonunua kwa tokeni. Lakini betri ya asidi ukiikamua kupita nusu kila siku unaiua, kwa hiyo za kutumia ni 2.4 tu. La pili lina lithiamu ya yuniti 5.12, na hiyo unaweza kuitumia asilimia 80 bila wasiwasi, yaani yuniti 4 na ushei. Sasa gawanya. Mfumo wa "bei nafuu" unakugharimu karibu Sh90,000 kwa kila yuniti unayoweza kuitumia; ule wa pili, kama Sh80,000. Rahisi ghali, na bado hatujahesabu betri za asidi zitakazonunuliwa upya wakati lithiamu ingali kazini.

Friji pekee hula kama yuniti moja kwa siku. Weka na feni, ambazo huku Mombasa mwezi wa Februari hazizimwi usiku kucha, uone 2.4 zitafika wapi. Hita ya kuogea hata usiitaje.

Wapo pia wanaouza paneli na inveta ya kuunganishwa na stima bila betri, "utaongeza baadaye." Hawamwambii mteja kwamba inveta ya aina hiyo hujizima stima inapokatika, hata jua likiwa la utosi, ili isirudishe umeme kwenye laini ikamuua fundi aliye juu ya mlingoti.

EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, tayari ndiyo inayowapa leseni mafundi wa sola. Iwalazimishe waandike kwenye kila makadirio aina ya betri, yuniti zinazotumika baada ya kuondoa zile zisizoguswa, miaka ya dhamana, na nambari ya leseni ya fundi atakayepanda kwenye paa. Ni mistari minne tu. Mtu anayechukua mkopo wa sacco kwa ajili ya kazi hii anastahili kuisoma kabla ya kutia sahihi.

Mkazi wa Likoni,
Mombasa