Barua ya wazi kwa waziri wa utamaduni wa kaunti yetu: tunaomba tu ufunguo wa ile stoo

Mheshimiwa waziri, salamu kutoka Manyatta, Kisumu.

Hunijui na si lazima unijue. Jumapili utanipata soko la Kibuye nikiuza majaketi ya mtumba, hizo siku zingine jioni mimi ni dairekta wa kikundi cha maigizo, tuko watu kumi na mmoja, tunafanyanga mazoezi chini ya mwembe kwa fildi ya shule na mvua ikija tunaenda nyumbani. Sijakuja kuomba pesa, naomba tu ufunguo wa stoo moja iliyofungwa tuigizie humo. Nimesema hiyo mapema ndio usiachie kusoma hapa.

Kuna mama mmoja wa Ufaransa anaitwa Ariane Mnouchkine, nilimpata kwa video usiku mmoja bando ikikaribia kuisha na tangu hiyo siku sijatulia. Alizaliwa 1939, babake alikuwa prodyusa wa filamu kwa hivyo hakuwa mtoto wa shida, hiyo lazima nikubali. Akaanza maigizo chuoni, akazunguka Asia akiona vile watu wa huko wanaigiza, halafu 1964 yeye na marafiki wakaanzisha kundi lao, Théâtre du Soleil, yaani ukumbi wa jua. Waliliandikisha kama ushirika, na wote wanalipwa mshahara sawa, anayeigiza mfalme, anayepika, na yeye mwenyewe dairekta. Nilipowaambia watu wangu hiyo stori walicheka sana, wakasema kwani sisi hatulipwi sawa, si kila mtu anapata sufuri.

Sasa hapa ndio nilitaka tufike mheshimiwa. Hawa watu hawakuwa na ukumbi. Walikuwa wanahangaika miaka, kuna wakati waliigiza hadi ndani ya jengo la sarkasi. Pembeni mwa Paris, kwa msitu wa Vincennes, kulikuwa na kiwanda cha zamani cha risasi, jeshi limetoka, pamebaki matope na mijengo inavuja. Diwani mmoja wa jiji akawasaidia kupata ruhusa ya kuingia, 1970, na hata mwanzoni ilikuwa ya kufanyia mazoezi tu. Huyo diwani pia alikuwa mama, na sisi watu wa mji uliokuwa na Mama Grace Onyango kama meya tangu 1965 hatuwezi kushangaa. Hakuna mtu aliwajengea. Waigizaji wenyewe ndio walishika koleo, wakaziba paa, wakavuta stima, na baridi ya Desemba ya huko si hii yetu ya mvua ya jioni.

Mchezo wa kwanza kuonyeshwa pale ulikuwa wa mapinduzi ya Ufaransa, uliitwa 1789, na ulikuwa umeanzia Milan juu nyumbani hawakuwa na pa kuuonyeshea. Wacha nikueleze sehemu moja tu. Majukwaa yamezunguka ukumbi, watu wamesimama katikati, mara waigizaji wanatawanyika, kila mmoja anavuta watu wachache karibu anaanza kuwasimulia polepole, karibu kunong'ona, vile wananchi walivamia gereza la Bastille, na kila kona kuna mtu anasimulia kivyake, sauti zinapanda, zinapanda, mpaka ukumbi mzima unalipuka ni kama gereza limeanguka saa hiyo. Mheshimiwa hiyo ni steji ya boda Kondele siku kuna habari! Vile mtu mmoja anaanza na "unajua nini kimefanyika" na baada ya dakika tano barabara imefunga. Sisi hiyo sanaa tuko nayo, tulizaliwa nayo, kile hatuna ni mahali pa kuileta watu wakae waione. Ule mchezo uliangaliwa na watu zaidi ya laki mbili.

Kingine kilichonimaliza ni mlango. Huyu mama na jina lake lote husimama mlangoni mwenyewe akikata tiketi na kukaribisha watu, ndani kuna chakula, unakula kwanza, na unaweza kuona waigizaji wakijipaka rangi na kuvaa maleba. Fikiria hiyo na ugali na samaki wa kukaanga. Sisemi kila kitu chake ni kizuri, kuna michezo yake inaenda masaa sita, na hapa kwetu masaa sita tunavumilia matanga peke yake.

Najua pia mtauliza siasa. Ni kweli, huyu mama hanyamazi, 1996 alipokea pale wahamiaji Waafrika waliokuwa hawana karatasi. Lakini jiji halikuvunja ile nyumba. Sisi huku tunakumbuka Kamirithu kule Limuru, wanakijiji walijijengea jukwaa lao kwa mikono yao, leseni ikafutwa 1977, na 1982 likabomolewa kabisa. Wale wa Paris, makundi mengine ya maigizo yaliwafuata yakajitengenezea kumbi palepale, na 2024, akiwa na miaka 85, Mnouchkine alikuwa bado anatoa mchezo mpya mahali hapohapo.

Katiba yetu Jedwali la Nne imeweka utamaduni chini ya kaunti, nimeisoma. Orodha inaanza na kamari, halafu mashindano ya mbio, halafu leseni za pombe, sisi tuko huko chini karibu na bichi lakini tuko.

Mwaka jana tulilipia ukumbi fulani, sitautaja, tumeshauza tiketi, tunafika na maleba kwa mkokoteni tunapata harusi imeingia. Pesa tulirudishiwa nusu. Tangu hapo watu wangu wawili wameacha, mmoja yuko Nairobi, mwingine anaigiza setibuku kwa mashule na kikundi kingine juu angalau huko kuna nauli, na siwezi kumlaumu.

Ile stoo ya mabati ya kijani unaijua, imefungwa miaka, ndani kuna viti vilivyovunjika na popo. Tupatie miezi sita. Paa tutaziba sisi, mmoja wetu ni fundi wa stima, popo tutaongea nao. Tukishindwa, unachukua ufunguo wako.

Sina sekretari wala barua yenye mhuri. Tuma mtu Kibuye Jumapili, upande wa majaketi, aulize dairekta, watamwonyesha. Akitaka jaketi pia nitampunguzia.