Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Pituitari na Parathiroidi

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mmekwisha kugawiwa, kwa hiyo sitazirudia. Sehemu kubwa ya vikao vya kamati hapa Tanga ilikwenda katika swali la mwenzetu wa Makorora, ambaye alitibiwa uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na baadaye akaandamwa na vijiwe vya figo: je, maradhi haya mawili yana udugu?

Wengi wetu tulizoea kuiita pituitari bwana wa tezi zote, na hapo ndipo tulipopotea. Huiamuru thairoidi, adrenali na tezi za uzazi, lakini haina amri juu ya parathiroidi, ambazo kwa kawaida ni nne, kila moja kama punje ya mchele, nyuma ya thairoidi shingoni. Hizi hufuata kiasi cha kalsiamu kilichomo katika damu: kikipungua, hutoa homoni inayoichota mifupani na kuizuia isipotee kwa mkojo. Zikizidisha kazi, mifupa hudhoofu, vijiwe hujijenga figoni, na mgonjwa hupata kiu, choo kigumu na uchovu ambao jamaa zake huuita uvivu.

Udugu, basi, umo katika damu ya ukoo. Mwaka 1954 daktari Paul Wermer alieleza familia ambamo uvimbe wa tezi kadhaa ulirithiwa kutoka kwa mzazi, na mwaka 1997 jeni yenye hitilafu, MEN1, ikatambuliwa katika kromosomu ya 11. Kila mtoto wa mwenye hitilafu hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Wenye nayo, zaidi ya tisa katika kumi, huwa wameugua parathiroidi wafikapo miaka 50, na takriban theluthi moja hupata uvimbe wa pituitari; kongosho nalo halisalimiki. Hali hii ni adimu, na wengi wenye uvimbe wa pituitari hawana jeni hiyo, kwa hiyo asitoke mtu hapa na hofu.

Kilichonisikitisha ni kwamba mwenzetu huyo alitolewa vijiwe mara mbili katika hospitali moja bila kalsiamu yake kupimwa, huku majirani wakivilaumu visima vya maji ya chumvi. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha maziwa na dagaa, akidhani anajikinga, ilhali kalsiamu iliyozidi ilikuwa ikitoka mifupani mwake. Kujua chanzo kuna maana hata kwa mpasuaji, kwani parathiroidi iliyougua peke yake mara nyingi huwa moja tu, lakini kwa mwenye MEN1 kwa kawaida huugua zote, na kuondoa moja hakutoshi.

Kamati imeazimia kwamba kila mwanachama mwenye uvimbe wa pituitari amwombe daktari wake kipimo cha kalsiamu ya damu, na ikionekana juu, homoni ya parathiroidi ipimwe pamoja nayo. Katika kikao kijacho kila mmoja aje na orodha ya wazazi, ndugu na watoto wake, akionyesha nani aliugua vijiwe, nani alifanyiwa upasuaji wa shingo au wa kichwa, na akiwa na umri gani.