Barua kwa mwanangu: maji yanapogeuka

Greenville, Maine, Marekani
28 Septemba

Binti yangu mpendwa,

Marahaba, mama. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikiwa nimemaliza kufunga boti za wageni gatini, nikaona si vyema nikujibu kwa maneno matatu ya simu. Umeniuliza kama ile miti yenye majani mekundu na ya manjano kwenye picha niliyokutumia inakufa, na unasema bibi yako amesikitika akidhani huku kuna ukame. Mwambie asihofu. Mvua tunapata, na miti ni mizima.

Vitabu vyenu vya jiografia huyaita majira haya vuli. Neno hilo linanikwaza, kwa sababu kwa watu wa Pwani vuli ni mvua, ni wakati wa kutia mbegu ardhini, na huku kila kitu kinafunga mizigo. Mimi nasema majira ya kupukutika.

Alfajiri nikitoka, nyasi ni nyeupe. Umande umeganda, unavunjika chini ya viatu. Hewa ina nyuzi 2 au 3, lakini maji ya ziwa bado yana joto la kiangazi, kwa hiyo ziwa lote linafuka kama sufuria ya uji. Ng'ambo huioni. Unamsikia tu yule ndege mkubwa wa ziwani, mweusi mwenye madoa meupe, akilia kwa sauti ndefu inayofanana na ya mtu aliyepotea. Karibu na saa nne jua linautoboa ukungu, na mlima Kineo unajitokeza na lile jabali lake la zaidi ya mita 200 lililosimama wima kutoka majini. Wenyeji wa asili wa nchi hii, Wawabanaki, walichonga vichwa vya mishale kwa jiwe la mlima huo. Chini yake msitu ni mwekundu, wa manjano na wa rangi ya chungwa, na hakuna aliyeupaka.

Sasa swali lako. Jani ni la kijani kwa sababu ya umbijani, yaani klorofili, ile rangi inayonasa mwanga wa jua, na mti hauna budi kuutengeneza upya kila siku. Siku zikipungua na usiku ukipoa, mti unaacha kuutengeneza, unavuta virutubisho vyake kutoka kwenye majani na kuviweka akiba. Kijani kikiondoka, manjano iliyokuwamo tangu mwanzo inaonekana. Wekundu ni jambo lingine: unatengenezwa wakati huuhuu, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani. Ndiyo maana mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huleta wekundu mkali zaidi. Anayeongoza kwa wekundu ni mepoli, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Miti yenye magome meupe kama karatasi inaishia kwenye manjano.

Jumamosi nilipata mapumziko, nikaingia majini na leseni yangu ya uvuvi mfukoni, maana huku mtu mzima havui bila leseni. Ziwa hili, Moosehead, ndilo kubwa kuliko yote katika jimbo la Maine, ila usilipime na letu: urefu wake unazidi kidogo kilomita 60, na Tanganyika ina 673. Kina chake hakifiki mita 80. Kiangazi maji ya moto yanakaa juu, na trauti na samoni, wasiopenda joto, wanashuka chini. Maji ya juu yakishapoa, wanapanda. Saa moja na nusu asubuhi nilimpata trauti dume karibu na mdomo wa kijito. Mama, laiti ungemwona! Tumbo lake lilikuwa jekundu kama jani la mepoli, na mapezi yake yana ukingo mweupe uliochorwa kwa ncha ya kalamu. Dume huvaa rangi hiyo majira haya, maana Oktoba na Novemba ndio wakati wao wa kutaga. Nilimshika ndani ya maji, nikamtoa ndoano, nikamwachia. Mkono ulisita. Nimekulia nyumba ambayo samaki aliyepatikana ni kitoweo, na kumrudisha ni kama kumwaga chakula. Halafu nikakumbuka mwaka 2024, ziwa letu lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na jinsi babu yako alivyokaa siku zile akishona nyavu bila kuzungumza.

Kuna jambo nataka ulielewe vizuri, kwa kuwa unapenda sayansi. Maji ni mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4. Ziwa hili likipoa hadi hapo, maji ya juu yanazama, ya chini yanapanda, na upepo unalikoroga lote. Oksijeni inafika sakafuni. Tanganyika haligeuki hivyo. Lina kina cha mita 1,470, na maji ya vilindini hayana oksijeni kabisa. Samaki wote unaowajua, dagaa, mgebuka, kuhe, wanaishi kwenye tabaka la juu. Chakula chao kinategemea sana upepo wa kusini wa kiangazi, unaosukuma maji ya juu na kuyapandisha ya chini yenye rutuba. Maji ya juu yakizidi kupata joto, kazi ya upepo inakuwa ngumu zaidi. Babu yako akisema samaki wamepungua, usidhani ni nyavu peke yake.

Na wanaokuambia ziwa ni la wanaume, waambie hivi: Maine ilipoanza kuwapa leseni waongozaji wa wavuvi na wawindaji mwaka 1897, leseni ya kwanza alipewa mwanamke, Cornelia Crosby.

Katikati ya Oktoba tunatoa boti ya mwisho majini. Kabla ya hapo nitumie hesabu ya mwalo wa Kibirizi, huko Kigoma: nenda asubuhi, siku kumi mfululizo, uandike upepo unatoka wapi na dagaa wametua ndoo ngapi kwenye mtumbwi wa babu yako. Daftari nitakununulia.

Baba yako