Risala ya Washughulikia Madai ya Bima wa Nakuru kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu katika kazi ya bima, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana, hamjambo.

Karibu Nakuru. Umeacha shughuli zako ukaja kuketi nasi, nasi tunasema asante sana.

Mheshimiwa, wengi hutujua siku ya msiba tu. Matatu imepinduka Salgaa, duka limeungua usiku, ndipo mkadiriaji hasara hubisha hodi na kamera yake. Aliyepoteza mali hutuona watu wa kampuni. Kampuni nayo hushuku kwamba tumemhurumia mno. Kusimama katikati hapo bila kuegemea upande ndiyo kazi yetu, na mtu peke yake haiwezi.

Wenzetu wa Uingereza waliliona hilo mapema. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, wakadiriaji wa hasara za moto waliunda chama chao. Mwaka 1961 kikapewa hati ya kifalme, yaani utambuzi rasmi wa Malkia, na leo kinaitwa Chartered Institute of Loss Adjusters, chenye mitihani na kanuni zake za maadili. Iliwachukua miaka 20. Kwa hiyo udogo wa chama chetu hautuvunji moyo.

Hapa Kenya, Sheria ya Bima, Sura ya 487, ilianza kutumika mwaka 1987, na chini yake mkadiriaji hafanyi kazi bila kusajiliwa. Mamlaka ya Kudhibiti Bima ikaanza kazi mwaka 2007. Kampuni ikishakubali kuwajibika, au mahakama ikishaamua, ina siku 90 za kulipa. Mjane anayesubiri fidia huzihesabu siku hizo moja moja.

Lakini kilichobadilisha kazi yetu zaidi ni mahindi. Mwaka 2016 serikali ilianzisha bima ya mazao Nakuru, Bungoma na Embu. Katika bima hiyo haliangaliwi shamba la mtu mmoja; hupimwa mavuno ya eneo zima, na yakishuka chini ya kiwango kilichowekwa, wakulima wote wenye bima hulipwa. Njia hii hupunguza gharama. Hata hivyo, mama ambaye shamba lake peke yake limeharibika, majirani wakavuna vizuri, hapati kitu. Ni uchungu kumweleza hayo baada ya hasara. Tunaamini alipaswa kuelezwa kabla ya kupanda, kwa lugha anayoielewa.

Kwa hiyo, mheshimiwa, tuna maombi mawili. Kwanza, tusaidie tupate kituo cha mitihani ya bima hapa Nakuru, kwani vijana wetu hulala njiani wakiifuata Nairobi. Pili, zishawishi kampuni zije nasi kwenye baraza za machifu kabla ya msimu wa kupanda, Rongai, Njoro na Molo, ili mkulima aulize maswali yake mapema.

Tunakukaribisha sasa utuhutubie.

Ni sisi wanachama wako.