Noti tatu za kuanzia jazi

Rafiki yangu mpendwa,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini. Unasema kodi za gitaa, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kama C, G na Am umeshazizoea, lakini ulipofungua chati ya kodi za jazi umekuta michoro tele na vidole havifiki. Ifunge chati hiyo kwa sasa. Mlango wa jazi uko kwenye kodi ndogo za noti tatu, ambazo mkono wako unaziweza tangu leo.

Kodi ya jazi kwa kawaida ina noti nne: ya kwanza inayoipa jina, kisha ya tatu, ya tano na ya saba ukihesabu ngazi ya noti kutoka hiyo ya kwanza. Ya tano haibadiliki kati ya aina tatu za kodi ya C, yaani Cmaj7, C7 na Cm7, kwa hiyo haimwambii msikilizaji jambo jipya. Iache. Ya tatu ndiyo inayoonyesha kama kodi ni meja au maina. Ya saba huonyesha kama kodi imetulia au inataka kwenda mahali. Ukizishika hizo mbili, na ile ya kwanza ikiwa chini yake, kodi nzima inasikika. Freddie Green, aliyepiga gitaa katika bendi ya jazi ya Mmarekani Count Basie kuanzia 1937 hadi alipofariki 1987, alikuwa akiiendesha bendi kubwa iliyojaa tarumbeta na saksofoni kwa kodi ndogo za namna hii.

Sasa chukua gitaa. Uzi wa sita ni ule mnene kuliko wote, wa kwanza ni mwembamba. Freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, vinahesabiwa kuanzia kichwani. Anza na Dm7: kidole cha kati kwenye uzi wa tano, freti ya 5, cha shahada kwenye uzi wa nne, freti ya 3, cha pete kwenye uzi wa tatu, freti ya 5. Nyuzi nyingine zinyamaze. Kutoka hapo nenda G7: shahada inaruka hadi uzi wa sita, freti ya 3, cha kati kinakaa uzi wa nne, freti ya 3, cha pete kinateleza tu kwenye uzi wake, kutoka freti ya 5 hadi ya 4. Usikinyanyue. Halafu Cmaj7: cha kati kwenye uzi wa tano, freti ya 3, shahada kwenye uzi wa nne, freti ya 2, cha pete kinabaki palepale kilipokuwa.

Hapo ndipo ninapotaka uangalie kwa macho na usikilize kwa masikio, kwa sababu siri yote iko hapo. Sahau noti ya chini kwa muda, tazama nyuzi mbili za katikati tu. Katika Dm7 una F na C. Ulipokwenda G7, F haikusogea, C ikashuka nusu toni, yaani freti moja, ikawa B. Ulipokwenda Cmaj7, B haikusogea, F ikashuka nusu toni ikawa E. Ya tatu ya kodi moja inageuka kuwa ya saba ya kodi inayofuata, na ya saba inashuka kuwa ya tatu. Mwendo huu wa kodi tatu umejaa katika nyimbo za jazi, na ukiusikia mara moja utaanza kuutambua kila mahali. Piga nyuzi hizo mbili peke yake, bila besi, yaani ile noti ya chini, mpaka uweze kuziimba. Mtu anayekariri michoro bila kusikia mwendo huu atakariri mia na bado atapotea wimbo ukibadilisha ufunguo, yaani noti ya msingi unayoegemea.

Mambo yatakayokusumbua nayajua. La kwanza ni uzi wa tano kulia ndani ya G7, kwa kuwa uko katikati na hakuna kidole kinachoubana. Inamisha ncha ya shahada kidogo iuguse bila kuukandamiza. Utatoa mlio mkavu, tk, na hicho ndicho unachotaka. Katika Dm7 na Cmaj7 ncha ya kidole cha kati inaugusa uzi wa sita vivyo hivyo. Nyuzi mbili nyembamba zinyamazishwe na upande wa chini wa shahada unaozilalia. Mlio ukikwaruza, kidole kiko mbali na freti: kisogeze nyuma yake tu, kikaribie chuma bila kukaa juu yake. Ukibana kupita kiasi noti inapanda na kodi inasikika kama gitaa halijasawazishwa, hata kama limesawazishwa vizuri. Na kiganja kikiuma, pumzika, kisha ucheze umbo lote freti mbili juu, yaani Em7, A7 na Dmaj7. Freti za huko ni nyembamba zaidi na vidole havitanuki sana. Maumbo ni yaleyale kwa kuwa hakuna uzi mtupu, yaani usiobanwa, ndani yake.

Mkono wa kulia wengi huudharau, nami naona ndio unaoifanya kodi iwe jazi. Piga kwenda chini, mapigo manne sawasawa: manne ya Dm7, manne ya G7, manane ya Cmaj7. Mara tu baada ya kila pigo legeza vidole vya kushoto ili mlio ukatike, lakini visiache kugusa nyuzi. Ukivinyanyua kabisa, nyuzi tupu zinalia na kila kitu kinachafuka. Mapigo ya pili na ya nne yape uzito kidogo. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, kwenye 60 kwa dakika kwanza, mlio mmoja kwa kila pigo. Ukiona mabadiliko hayakusimamishi tena, iweke kwenye 50 na uhesabu kila mlio wake kuwa pigo la pili au la nne. Kasi yako sasa ni 100. Mwanzoni utajikuta umegeuza, mlio umekuwa pigo la kwanza. Simama, hesabu kwa sauti, anza tena.

Mwendo uleule una umbo la pili, linaloanzia uzi wa sita. Gm7: uzi wa sita, wa nne na wa tatu, zote freti ya 3. C7: uzi wa tano freti ya 3, wa nne freti ya 2, wa tatu freti ya 3. Fmaj7: uzi wa sita freti ya 1, wa nne na wa tatu freti ya 2. Safari hii uzi wa nne ndio unaoshuka kwanza, kisha wa tatu. Kwa maumbo haya mawili unaweza kupita funguo zote bila kuzunguka shingo nzima ya gitaa.

Ukichoka na hayo, piga bluzi ya G. G7 unayo, na C7 ni noti zake mbili za katikati zilizoshuka freti moja, na D7 ni hizohizo zilizopanda freti moja juu ya G7, besi ikiwa uzi wa tano freti ya 5. Kipimo kimoja ni mapigo manne: vipimo vinne vya G7, viwili vya C7, viwili vya G7, kisha kimoja kimoja: D7, C7, G7, D7.

Noti ya nne usiiongeze mpaka mabadiliko haya yatoke bila kuangalia vidole. Wakati huo tumia kidole cha mwisho kwenye uzi wa pili: freti ya 5 juu ya Dm7, kibaki hapohapo juu ya G7, kisha kishuke freti ya 3 juu ya Cmaj7. Utakuwa unapiga Dm9, G13 na Cmaj9, zilezile zilizokutisha kwenye chati. Nirekodie dakika moja ya hizo, polepole, unitumie.

Wako akupendaye,
Rafiki yako