Tukitajiwa asilimia za gesijoto, tuambiwe zinahesabiwa kutoka wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo vyombo vyetu vya habari hulitaja mara kwa mara bila kulifafanua, nalo ni zile asilimia za kupunguza gesijoto (gesi kama hewa ukaa zinazoongeza joto la dunia) ambazo nchi zimeziahidi chini ya Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015 kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Msomaji huambiwa kwamba ifikapo mwaka 2030 Umoja wa Ulaya utakuwa umepunguza angalau asilimia 55 na Tanzania asilimia 30 hadi 35, akabaki akidhani kwamba namba hizo zinaweza kupimwa kwenye mizani moja. Hazipimiki hivyo.

Umoja wa Ulaya unahesabu kutoka kiwango cha mwaka 1990, yaani moshi uliokwisha kutoka na kuandikwa. Tanzania inahesabu kutoka kiwango ambacho inakadiriwa kingefikiwa mwaka 2030 kama hatua zozote zisingechukuliwa. Maana yake ni kwamba sisi tunaweza kuitimiza ahadi yetu bila kukosea hata kidogo, huku moshi wetu ukiwa umezidi ule wa siku ahadi ilipotolewa. Siisemi habari hii kwa kuilaumu serikali. Uingereza ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe Septemba 2024, miaka 142 baada ya kuwasha cha kwanza jijini London, na nchi yenye vijiji ambavyo viwanda vyake bado ni ndoto haiwezi kupewa kipimo hicho hicho. Ninachodai ni kwamba tofauti hiyo iandikwe, si ifichwe ndani ya alama ya asilimia.

Kuna swali la pili, ambalo kwetu Tanga lina uzito zaidi: moshi ukishatoka, unaandikwa katika daftari la nani? Kanuni inayofuatwa ni kwamba unaandikwa mahali ulipotokea. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, na kwa kuwa mafuta yale yana nta na huganda yakipoa, bomba lazima lipashwe joto njia nzima. Moshi wa nishati inayochomwa kwa kazi hiyo ndani ya mipaka yetu ni wetu. Mafuta yenyewe yakichomwa ng'ambo, moshi wake ni wa huko, na ule wa meli iliyoyabeba kuvuka bahari huandikwa pembeni, bila kuingizwa katika jumla ya nchi yoyote.

Saruji nayo ina hesabu yake, na hapo nitaomba radhi kwa kurudi nyuma kidogo. Nilipokuwa mtoto, babu yangu alikuwa akichoma chokaa ya matumbawe pwani ya Mwambani, na tuliopakua tanuri tulishangaa kuona mawe tuliyoyapandisha kwa taabu yakishuka mepesi. Babu alisema moto umekula uzito. Kumbe uzito ule ulikuwa umekwenda hewani: katika kila kilo 100 za mawe safi ya chokaa, yakiungua barabara, kilo 44 hivi huondoka kama hewa ukaa na 56 ndizo hubaki. Kiwanda cha saruji nacho huchoma mawe ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo hata kikibadilisha makaa ya mawe na kutumia nishati safi kabisa, sehemu kubwa ya gesi itaendelea kutoka kwenye jiwe lenyewe. Mkoa wetu umejaliwa mawe hayo, na yeyote anayetuahidi saruji isiyo na hewa ukaa anapaswa kutueleza gesi ya jiwe ataipeleka wapi.

Ulaya imeanza kuufuata moshi wa namna hiyo hadi kiwandani ulikotoka. Tangu Oktoba 2023 waagizaji wake wa saruji, chuma, aluminiamu na mbolea wanatakiwa kutaja gesi iliyotoka wakati bidhaa inatengenezwa, na kwa mizigo inayoingia kuanzia mwaka 2026 gesi hiyo inalipiwa. Mzalishaji wa kwetu atakayetaka soko hilo atahitaji vipimo vilivyohakikiwa, hata kama sheria za nyumbani hazimdai chochote.

Mkaa wa jikoni nao una kituko chake. Hewa ukaa yake haiandikwi chini ya jiko. Huandikwa upande wa ardhi na misitu, kama miti iliyopungua. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, na faida yake katika hesabu hii itaonekana ikiwa tu mikoko na misitu iliyonusurika mkaa haikatwi kwa boriti au mashamba.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, kila linapochapisha asilimia ya nchi yoyote, liongeze sentensi moja inayotaja imehesabiwa kutoka mwaka gani au kutoka makadirio gani, na kama misitu imejumuishwa. Nafasi itakayotumika haizidi mistari miwili.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga